Mwenye Nyumba Amelala

Sauti ya Harith ilinikuta jikoni kwangu, Khuwair ya Kusini hapa Omani, mwiko mkononi, asubuhi ya siku ya tatu ya msiba wa mama yake. Aliituma kwenye kundi letu la wasap, lile la watu wa Mutrah wa zamani, ambalo siku zote huwa ni dua za Ijumaa na picha za wajukuu. "Jamaa zangu, mama alikuwa mtu wa watu," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kweli, siwezi kumzulia. "Mama alifungua mlango wake kwa dunia nzima. Kwa kumuenzi, nyumba yake haitafungwa hata siku moja. Hata leo iko wazi." Nikaisikiliza tena, nikidhani labda masikio yangu yamezeeka. Hata leo iko wazi! Matanga hayajaondolewa, watu bado wanasoma khitma kule kwake Qurum, na nyumba ya marehemu inapitishwa watalii kwa sababu meli imetia nanga. Alifungua mlango! Mlango uliufungua wewe, Harith, na mama yako ukamweka nyuma yake. Wali wangu ukaungua nikiwa nimesimama pale pale. Nikauzima moto, nikavaa abaya, nikachukua ufunguo wa gari. Lakini kabla ya kusema nilikwenda kufanya nini, niueleze kwanza mwaka ule niliofanya kazi kwake, kwa sababu yeye atausimulia kwa namna yake, na watu watamwamini, maana Harith ana ulimi mtamu na suti nzuri.

Mwaka ule nilikuwa msichana bado, Kiingereza kinanitoka vizuri, na bandari ya Mutrah ilikuwa inaanza kuzoea meli nyeupe kubwa za watalii. Harith alikuwa amefungua kampuni ya kutembeza wageni, na wazo lake lilikuwa moja: wazungu wamechoka na ngome na makumbusho, wanataka kuingia nyumba za watu. "Ulaya wanafanya hivyo," akituambia, kidole juu. "Nyumba ina miaka mia nne, mwenyewe yumo ndani, na watu wanapita kuangalia sahani zake." Kila kitu kilikuwa Ulaya wanafanya hivyo. Akatupeleka Uingereza, mimi na mkewe, tukajifunze. Tukazungushwa kwenye majumba yenye vyumba usivyoweza kuvimaliza, na bustani zenye mawaridi kila moja na kibao cha jina lake, na chini ya kibao, ombi la adabu kwamba usichume. Kamba nyekundu zilikuwa zimekatiza kila mlango. Na juu ya viti vya zamani, pale ambapo mtu angeweza kujisahau akakaa, waliweka tunda kavu la msonobari, lile gumu lenye magamba magamba. Hawaandiki "usikae". Wanaweka tunda tu, nawe mwenyewe unajua. Harith alilipenda lile tunda kupita kiasi. Alisimama mbele ya kile kiti akitikisa kichwa na kusema, "Angalia adabu hii, Nasra. Angalia adabu." Akaokota matunda mengine chini ya miti yao bustanini akayatia mfukoni, na mimi nikacheka.

Katika nyumba moja nilipotea nikitafuta choo. Nikasukuma mlango uliofanana na ukuta, nikajikuta kwenye jiko dogo, na pembeni ya meza amekaa mzee peke yake, na yai la kuchemsha mbele yake, anakula kwa kijiko kidogo bila ya kugusisha kijiko na kikombe, asije akasikika. Alikuwa ndiye mwenye nyumba. Picha yake tulikuwa tumeoneshwa ukumbini, kavaa nishani. Aliniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Wameshaondoka?" Nikamwambia bado. Akasema basi, akarudi kwenye yai lake. Nilitoka kinyumenyume, nikaurudisha mlango taratibu. Nilipomsimulia Harith ndani ya basi, aliona jambo jingine kabisa. "Umeona? Yumo ndani na hakuna aliyemsikia. Hiyo ndiyo kazi safi." Leo nikikumbuka nasema, wallahi, mtu huyu tuliingia naye nyumba moja tukatoka na nyumba mbili. Maana yule mzee, pamoja na unyonge wake, alikuwa anajua. Paa lake lilikuwa linavuja, alikubali mwenyewe watu wapite, na alijificha kwa hiari yake. Hakuna aliyemdanganya juu ya yai lake.

Nyumba ambayo Harith aliichagua Mutrah ilikuwa ya mama yake mwenyewe, Bi Thuwaiba, na nyumba nzuri ilikuwa nzuri, siibishi. Ya ghorofa moja, milango ya nakshi, madirisha ya juu yakiangalia bandari, na katikati ua wenye mkomamanga, mndimu, mirehani kwenye makopo ya samli, na mwasumini uliopanda ukuta wote wa kisima. Chumba chake kilikuwa cha chini, kinachofungukia uani, kwa sababu magoti yalikuwa hayampi tena raha ya ngazi. Mle mlikuwa na kitanda cha samadari, miguu ya kuchongwa, vioo kichwani, na makasha, na safu za sahani ukutani. Kila alasiri mama yule akikaa kwenye kibao chini ya mwasumini, akichuma asumini kabla hazijachanua, akizitunga pamoja na mrehani, akifanya kikuba cha kujibandika kifuani usiku na vingine vya majirani. Nikiingia, hata kama nimekuja kwa dakika moja, lazima nile. Mkate wa kumimina, vitumbua, chai ya iliki. "Hukula wewe, umeonja," akiniambia. "Nyie wasichana wa siku hizi mnakula kama ndege halafu mnaolewa mnazimia."

Msimu wa meli ulipoanza nilikuta amehamia juu, chumba cha nyuma, kile cha kuwekea magodoro, kisichoingia upepo. Chumba cha chini kilikuwa kimepigwa kamba nyekundu mlangoni, na juu ya samadari, katikati ya shuka nyeupe iliyonyooshwa, lilikaa tunda la msonobari lililotoka Uingereza kwenye sanduku la Harith. Nikamuuliza, mama kakubali? "Kakubali kwa moyo mkunjufu," alinijibu. "Muulize." Nikamuuliza, na Bi Thuwaiba akasema ndiyo, karidhia, wala haina neno. Sasa mimi ningesema nini tena? Nikawa naleta makundi yangu, natafsiri, naeleza nakshi na sahani, watu wanapiga picha. Kahawa na halua ilikuwa inashushwa kutoka jikoni na Mercy, dada wa Kikenya, mtu wa Nakuru, aliyeletwa na Harith kusaidia kazi za nyumba. Mercy alikuwa na mdomo, namshukuru Mungu kwa mdomo wake. "Dada Nasra," aliniambia siku moja tukiosha vikombe, "huyu mama anaamka kabla ya adhana kuwapikia hawa watu. Anapika kama ni harusi. Kwani hajui watakula lunch kwa meli?" Nikamwambia anajua, ni ukarimu tu. Mercy akanitazama kama mtu anayetaka kuongeza kitu. "Mimi sijui," akasema. "Huyo boss ndiye kafili wangu, viza yangu iko kwa jina lake. Mimi naosha vikombe."

Vikombe vyenyewe vilikuwa vichekesho. Watu wa kule hawajui kwamba ukitosheka na kahawa unatikisa kikombe, na sisi tusipokiona kimetikiswa tunamimina tu. Bi Thuwaiba alikuwa akichungulia kutoka juu ya ngazi akiwaona wanaendelea kunywa, akifurahi: "Mashallah, leo wamekuja wenye kiu." Jengine lililomfurahisha ni vikuba. Alikuwa akivituma chini kwenye sinia kwa ajili ya wanawake. Hilo Harith akalikataza. Alisema mwasumini unachumwa ukabaki kijani kitupu, na wageni wanataka kuuona umechanua kwenye picha. Akaweka kibao kidogo mbele ya mti, kama vile vya mawaridi ya Waingereza. Mwenye mti kakatazwa kuchuma! Yule mama akaacha. Niliona mikono yake alasiri ile imekaa mapajani haina kazi, na tangu hapo sikuwa na raha.

Basi siku moja kundi langu liliondoka mapema kwa joto, nikabaki nikala. Ilikuwa mchuzi wa samaki na wali, tumekaa jikoni kwenye mkeka, Bi Thuwaiba kanyoosha miguu, magoti yamevimba kwa kupanda na kushuka. Alikuwa akinichambulia samaki miiba kama mtoto mdogo. Ghafla akasema, "Nasra mwanangu, nna swali, na usinicheke. Hawa wageni wa Harith, mbona hawalali?" Nikasema, walale wapi, Bi Thuwaiba? "Chumbani. Si ndiyo maana nimetoka? Harith kaniambia, mama, nna wageni wangu watakuja kutoka Ulaya, rafiki zangu walionipokea kule vizuri. Nikamwambia basi wape chumba changu, mgeni halazwi juu kwenye joto. Nikatandika shuka mpya. Ile kamba na lile tunda kaniambia ni desturi zao. Kila siku wanakuja, wanakula, wanaondoka. Kitanda kiko vile vile. Nimewafanya nini?" Nikalirudisha tonge sahanini. Wapo watu duniani watakaoambiwa hivyo wakacheka, na mimi nawaombea Mungu awasamehe. Kwetu sisi mgeni hupewa kitanda cha mwenyewe, na mwenyewe akalala sakafuni, na hilo si jambo la kusifiwa, ndivyo watu wanavyoishi. Harith alilijua hilo kwa sababu alilelewa nalo. Angemwambia mama yake, toka chumbani nikauze tikiti, angekula kofi. Akamwambia, mama, nna wageni. Mama mtu akachukua mto wake akapanda ngazi.

Nilikwenda ofisini kwake siku hiyo hiyo. Nilimwambia yote, nikaona uso wake haukubadilika hata kidogo, akawa anapanga kalamu zake mezani. "Kwani nimemdhulumu nini? Anafurahi. Ana shughuli. Akikaa bure atakufa upesi." Nikamwambia anafurahi kwa uongo. "Nasra, wewe kazi yako kuongoza watu, si kuhukumu. Ukimwambia utampandisha presha, na likimfika jambo, dhamana ni yako." Hapo nyongo ikanipanda mpaka kwenye meno. Mtoto kumtumilia mama yake ukarimu wake mwenyewe, halafu ukarimu huo huo kuufanya silaha ya kuwanyamazisha wengine! Nilimjibu kwamba sitamwambia neno. Lakini mama akinituma kumuuliza mgeni, nitauliza, na mgeni akijibu, nitatafsiri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi uliyoniajiria. Akacheka, akijua mama yake hana desturi ya kuhoji wageni.

Hakujua yale magoti, na kile kitanda kisicholaliwa, vilikuwa vimemfikisha wapi mama yake. Alhamisi nilikuja na kundi, wengi wao wazee, na tulikuwa tumesimama kwenye kamba ya chumba nikieleza vile vioo vya kitandani, nikasikia kishindo cha polepole kwenye ngazi. Bi Thuwaiba anashuka, kavaa kanga zake za wageni, na mkononi sinia, na kwenye sinia vikuba. Alikuwa amechuma. Kibao au si kibao, alikuwa amechuma mwasumini wote ule. Akaanza kuwabandika wanawake vifuani mmoja mmoja, wakisema ah na oh, wengine wakiinua kamera zao kumpiga picha. Akasimama mbele ya bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo, ambaye yeye na Bi Thuwaiba walikuwa wa umri mmoja, wakashikana mikono. Akaniambia, "Muulize huyu ndugu yangu, leo atalala? Shuka safi." Nikauliza kama alivyoniambia. Bibi yule akafurahi kweli. Akasema, "Kulala hapa? Loo, kumbe na hilo limo kwenye tikiti?" Nami nikatafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza. Bi Thuwaiba akaniuliza, "Tikiti ya nini?" Nikamwambia, "Ya kuingilia." "Kuingilia wapi?" "Humu, Bi Thuwaiba. Nyumbani kwako."

Aliwatazama wale watu, kamera zao, ile kamba, na uso wake ukageuka polepole, si wa hasira, ni wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akisema peke yake muda wote. Nilidhani atalia, nikapiga hatua. Hakulia. Alinipa sinia. Akaivua kamba kwenye kulabu yake akaiacha ianguke, akaingia chumbani, akalishika lile tunda la msonobari kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa, akalitupa chini ya dirisha. Kisha akavua viatu, akapanda kitandani mwake, akajinyoosha, akajifunika shuka mpaka kifuani. Kutoka pale akasema, "Waambie mwenye nyumba amelala. Mtu mwenye adabu akikuta watu wamelala, anarudi." Nikawaambia. Bibi wa fimbo alielewa kabla sijamaliza. Rangi ilimtoka usoni, akaanza kuwasukuma wenzake kwenda nje kwa ile fimbo yake, akiwakaripia kwa lugha yao. Bwana mmoja akabaki akipiga picha. Nilimfungia mlango usoni, na nikipewa leo nitamfungia tena.

Harith alifika kabla ya magharibi, anahema. Mimi na Mercy tulikuwa jikoni, tumekaa kimya kama wezi. Tukamsikia anaingia uani, viatu vyake vikikimbilia chumbani, halafu sauti ya mama yake, kavu: "Bisha hodi." "Mama, hebu nisikilize..." "Hii nyumba wanaingia wenye tikiti na wanaobisha hodi. Wewe una tikiti?" Mwanamume mzima, mwenye kampuni, akasema, "Hodi." Hakujibiwa. "Hodi, mama." Mercy kaniminya mkono mpaka kucha zikaniingia. "Hodi." Ya tatu ile ilikuwa imepungua sauti. Na desturi anaijua kila mtoto: ukibisha mara tatu pasiwe na karibu, nenda zako. Akaenda zake. "Aki huyu mama," Mercy akanong'ona, akijifuta macho kwa aproni, "huyu mama ni moto." Kesho yake mimi nilifukuzwa kazi kwa simu. Mercy hakufukuzwa, kwa sababu Bi Thuwaiba alisema anayemgusa huyo msichana amenigusa mimi.

Ningependa kuishia hapo, watu wapige vigelegele. Lakini mwanao hasubiri ushindwe, anasubiri uzeeke. Bi Thuwaiba alilala kwenye kitanda chake miaka, akachuma asumini zake, nami nilikuwa nikimtembelea nikala mpaka nikashindwa kupumua. Kisha akaanguka bafuni. Harith akamchukua Qurum, kwenye nyumba ambayo hata kwenda dukani ni gari, akampa chumba chenye kiyoyozi na televisheni kubwa, na nani angemlaumu mtoto kwa kumtunza mama yake? Nilimkuta mle amekaa kwenye kochi lisilo lake, ananiuliza kama kitanda kimefunikwa vumbi lisiingie. Nikamwambia kimefunikwa. Alikuwa ameshaanza kusahau majina, kitanda hakukisahau. Kule Mutrah kamba zilikuwa zimesharudi.

Na ndiyo maana asubuhi ile ya msiba niliuzima moto nikaendesha mpaka Mutrah. Meli ilikuwa bandarini, nyeupe, ndefu kuliko soko zima. Mlangoni msichana mdogo wa Kiomani, kajitanda vizuri, akaniambia kwa adabu, kama anayesema na mama yake mdogo, "Tikiti, khala?" Nikamwambia nimekuja kwa hodi, na nikapiga hodi kwa sauti ya kuamsha mtaa, mara tatu. Hakuna aliyesema karibu. Hakuna mtu wa kuisema tena katika nyumba ile. Safari hii niliingia. Uani kijana anawaeleza wazungu, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu: "Bibi mwenye nyumba aliwapenda wageni kiasi cha kuwapa kitanda chake mwenyewe." Wakasema ah na oh. Neno la kweli kabisa, na likatiwa kinywani mwa mtoto asiyejua maana yake! Nikaipita kamba. Juu ya shuka lilikuwa tunda la msonobari, kama si lile basi nduguye. Nikalitia mkobani. Nikaenda kwenye mwasumini nikachuma viganja viwili, yule kijana akinifuata, "Khala, hairuhusiwi, khala tafadhali," nikaenda kuzimwaga kitandani, pale kifua cha Bi Thuwaiba kilipokuwa kikilala.

Nikaendesha mpaka Qurum, msibani. Wanaume walikuwa wakipokelewa msikitini, na wanawake tumejaa sebuleni kwa Harith, misahafu mikononi, kahawa inazunguka. Pale mbele kipo kiti chake kikubwa cha ngozi ambacho hata mkewe hakikalii. Nikalitoa tunda mkobani, nikaliweka katikati ya kiti, nikarudi mahali pangu nikaendelea na juzuu yangu. Baada ya alasiri akaingia kuwasalimia wazee, kachoka, macho mekundu, maana mama ni mama. Akaelekea kitini. Akaliona. Nilimwona akilitambua, na nilimwona akizunguka chumba kizima kwa macho mpaka akanifikia mimi. Sikuyakwepa. Shangazi yake mmoja, kikongwe asiyejua lolote la Uingereza wala la misonobari, akamhurumia. "Kaa, Harith, baba. Umesimama tangu asubuhi. Mbona umekuwa kama mgeni nyumbani kwako?"

Hakukaa. Binti mwenye birika akanijia kunimiminia tena. Nikatikisa kikombe changu, nikampa, nikaenda mlangoni kutafuta viatu vyangu.